Harufu ya Sho

Nelima alipikia shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote pua yake haikumdanganya. Angesimama mlangoni pa jikoni, jiko kalipa mgongo, akasema maharagwe ya sufuria ya tatu yameanza kushika chini. Wapishi wenzake walicheka, wakaenda kutazama, wakakuta ni kweli. Alipostaafu akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Kapsoya, Eldoret, mume ametangulia mbele ya haki na watoto wametawanyika Nakuru na Bungoma, hakutamani kengele wala zogo la wanafunzi. Alitamani kupikia watu wengi. Kila akitazama sufuria ndogo ya mtu mmoja, moyo ulimsinyaa.

Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kwamba ukumbi wa kanisa utafunguliwa kila Alhamisi asubuhi kwa wazee wa mtaa, wa dini yoyote, waje waote jua na kunywa chai badala ya kufungiwa ndani wakati watoto wao wako kazini, na kwamba anatafutwa mtu wa kupika chai hiyo, Nelima aliinua mkono kabla tangazo halijafika mwisho.

Walikuja wazee kumi na wawili. Walikalishwa kwenye viti vya plastiki kwa mviringo, wakanywa chai, wakanyamaza. Walikuwa wamezoea kunyamaza. Majumbani kwao kila mtu alikuwa na haraka, na mzee akianza hadithi, aliambiwa ataimaliza jioni, na jioni televisheni ilikuwa imewashwa. Mwalimu mmoja mstaafu alijitolea kuleta albamu kubwa ya picha za Eldoret ya zamani ili iwachangamshe. Albamu ilizunguka kutoka paja hadi paja. Nusu yao walikuwa na mtoto wa jicho. Ilipomfikia Mama Asha, yeye aliupapasa ukurasa kwa kiganja, akasema, "Karatasi nzuri. Laini," akampa jirani yake.

Mama Asha alikuwa Msomali, mwenye duka la vitambaa mjini kwa miaka arobaini, mpaka presha ya macho ilipomchukulia mwanga wote. Ulimi wake, hata hivyo, ulikuwa mzima. Ndiye pekee aliyeweza kumtania mchungaji mbele ya watu.

Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti, mvua ikiwa imeshikilia tangu alfajiri, Nelima aliona chai kavu haitoshi kwa baridi ile. Akatoa njugu alizokuwa nazo nyumbani, akaweka kikaango juu ya jiko la makaa pale barazani, akaanza kukaanga na chumvi. Moshi na harufu vikaingia ukumbini kupitia mlango ulio wazi. Mama Asha akainua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Leo kuna Sho?" akauliza.

"Sho ni mwezi wa tatu, Mama," Nelima akajibu kutoka nje.

"Basi kwa nini inanukia Sho?"

Kila mtu wa sehemu zile anajua Sho ni nini. Ni maonyesho ya kilimo, ile wiki moja katika mwaka ambapo mji mzima na mashamba yote ya mahindi kuzunguka mji hukutana katika uwanja mmoja, matrekta na mafahali, wanafunzi na masufuria. Mama Asha akaanza kusimulia hema aliloweka pale miaka ya nyuma, yeye na marehemu mumewe, wakiuza sambusa na chai ya iliki. Alisema upepo ulikuwa unaleta harufu ya njugu kutoka upande mmoja na harufu ya samadi kutoka upande mwingine, na zikikutana juu ya sambusa zake, mteja hajui acheke au atapike. Mzee aliyekaa kando yake akacheka mpaka akakohoa. Mwingine akasema yeye alikwenda Sho kwa miguu kutoka Turbo. Mwanamke ambaye tangu Juni hakuwa amesema zaidi ya asante alieleza jinsi viatu vyake vipya vilivyokwama kwenye matope ya uwanjani akarudi nyumbani peku, na hakujuta.

Nelima alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Sho alikuwa akiijua kwa namna yake. Kila mwaka shule ilipowapeleka wanafunzi, yeye alikwenda na masufuria, akapika wali nyuma ya hema siku nzima. Hakuwahi kuona gwaride wala mashindano. Sho yake ilikuwa harufu na sauti zilizopita juu ya turubai. Ndipo ilipomjia kwamba pengine wazee hawa hawakuhitaji kuonyeshwa kitu. Walihitaji kunusishwa.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi alikuja na kitu kimoja. Kipande cha muwa uliokatwa saa ile ile. Sufu ya kondoo, mbichi, yenye mafuta yake. Kitambaa kilichofutiwa injini ya trekta, alichoomba kwa fundi wa barabarani. Alijaribu hata ile sukari ya rangi ya waridi inayosokotwa kama pamba, akaiunguza kabisa, lakini harufu ya sukari iliyoungua ilitosha kuwapeleka wazee watatu hadi kwenye bembea za watoto, na huko walikaa mpaka saa sita.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuna kitu kilichomgusa. Huyo ni Mzee Mabonga.

Mabonga alikuwa na miaka themanini na sita. Alifanya kazi ya ng'ombe tangu ujana wake kwenye shamba kubwa karibu na Moi's Bridge, akastaafu akiwa mnyapara wa mazizi. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikachukua mkono, nusu ya mguu, na maneno karibu yote. Bintiye Nanzala, aliyekuwa karani katika ghala moja la nafaka mjini, alimleta kila Alhamisi akienda kazini na kumpitia saa ya chakula cha mchana. Alimfunga kifungo cha koti, akamfuta mdomo, akaondoka. Alifanya kila kitu inavyopasa, bila ukali na bila tabasamu, kama mtu anayegonga mihuri. Nelima alimpelekea muwa, mzee akaunusa, akaurudisha. Akampelekea sufu. Aliitazama tu.

Mwishoni mwa Septemba Nelima alifikiri amepata dawa. Alikuwa amesikia kwamba bendi ya matarumbeta hupiga Sho wakati wa gwaride, na jirani akamwekea kwenye simu rekodi ya bendi ya namna hiyo, pamoja na kipaza sauti kidogo. Akaiwasha bila kumwambia mtu, ili iwe zawadi ya ghafla.

Ngoma ilipolia na matarumbeta kufuata, Mama Asha alianza kupiga kidole kwenye kiti. Lakini Mzee Mabonga alishtuka mwili mzima. Macho yalimtoka. Akashika mkono wa kiti, akajivuta juu kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo, akapiga hatua moja. Mguu mbovu ukamkana. Alianguka ubavu, kiti kikampindukia, na kikombe cha chai kikammwagikia suruali.

Hakuumia. Chai ilikuwa imepoa. Lakini Nanzala alipoingia saa saba kasorobo alimkuta baba yake amefunikwa shuka kiunoni, anatetemeka, na suruali imeanikwa dirishani.

"Imekuwaje?"

Nelima akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Mama Sifuna," Nanzala akasema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama majirani wote, lakini sauti yake ilikuwa baridi. "Baba yangu si mtoto wa kufanyiwa majaribio. Kama ni chai, hata kwangu kuna chai."

Alhamisi iliyofuata kiti cha Mabonga kilikuwa kitupu. Iliyofuata pia. Mama Asha, ambaye hakuona kiti lakini alisikia nafasi yake, akasema, "Yule mzee anayepumua kwa pua hayuko." Nelima hakulala vizuri wiki hizo. Alikuwa amezoea chakula kikiharibika, unaosha sufuria unaanza upya. Mtu haoshwi hivyo.

Jumapili baada ya ibada alifunga kilo mbili za sukari na majani ya chai kwenye leso, akaenda kwa Nanzala. Alipokewa kwa adabu. Mzee alikuwa amelala chumbani. Walikaa sebuleni, chai ikaja, na kwa muda mrefu walizungumzia mahindi yaliyokuwa yakivunwa.

"Nimekuja kuomba msamaha," Nelima akasema mwishowe. "Nilitaka kumfurahisha. Nikamdhalilisha."

Nanzala alizungusha kikombe. "Si wewe. Mimi sipendi tu hayo maneno ya Sho." Akatazama mlango wa chumba cha mzee. "Unajua mimi nilienda Sho mara moja maisha yangu yote? Nilikuwa na miaka saba. Baba alinipeleka. Darasa zima nilikuwa nimewaambia nitapanda bembea, nitakula peremende, nitaona askari wa farasi. Na unajua niliona nini?"

"Nini?"

"Matako ya ng'ombe."

Nelima alijizuia asicheke, lakini Nanzala mwenyewe alikuwa na dalili ya tabasamu, chungu kama mwarobaini.

"Kweli kabisa. Aliniweka ndani ya zizi la maonyesho, nyuma ya ng'ombe wao mmoja mkubwa, akaniambia kaa hapo usitoke. Kutwa nzima! Nasikia muziki, nasikia watoto wanapiga kelele, mimi niko kwa nyasi. Nililia mpaka nikachoka. Yeye anaosha ng'ombe. Anampiga brashi, anampaka kwato mafuta, anamchana mkia. Huyo ng'ombe aliitwa Dachesi. Sijawahi kuona mtu akichanwa vile nyumbani kwetu." Akashusha kikombe. "Miaka hamsini imepita. Najua ni upuuzi. Lakini nikimfunga vifungo vya koti asubuhi, nakumbuka Dachesi."

Nelima hakusema kwamba si upuuzi. Aliuliza tu, kwa sababu jambo moja lilikuwa linamkereketa, "Na bendi ikipiga, yeye alikuwa anafanya nini?"

"Bendi?" Nanzala akafikiri. "Alikuwa anaruka. Ng'ombe walikuwa wanaogopa matarumbeta. Ikianza tu, wale wachungaji wote wanakimbia kushika kamba, ndio wanyama wasikate kamba..."

Wanawake wale wawili wakatazamana juu ya vikombe.

"Hakuwa anaogopa," Nelima akasema polepole.

"Alikuwa anaenda kushika ng'ombe," Nanzala akasema.

Nyuma ya nyumba ya Nelima aliishi mwanamke aitwaye Cherono, aliyefuga ng'ombe wanne wa maziwa katika boma dogo, akiwalisha majani ya kukata. Jumatatu Nelima alimwendea na ombi ambalo hakujua lingepokelewaje. Cherono alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Ndama. Kanisani."

"Si kanisani. Uani, nje ya ukumbi."

"Iko mmoja mpole, mtamba wa miezi saba. Lakini akikunya huko, mimi sioshi."

"Nitaosha mimi."

Alhamisi hiyo mbingu ilikuwa safi. Viti vilitolewa nje vikapangwa juani. Nanzala aliomba ruhusa kazini asubuhi nzima. Alimleta baba yake kwa mkono, akamkalisha, akasimama nyuma yake. Nelima alikuwa ameweka karai la maji ya uvuguvugu, mche wa sabuni, na brashi ya nywele ngumu. Hakuwasha muziki wowote. Kisha Cherono akaingia langoni akiongoza mtamba mweusi mwenye mabaka meupe, aliyekuwa akitazama wazee kwa mshangao kama wao walivyomtazama yeye.

"Ya Allah," Mama Asha akasema, mianzi ya pua ikifunguka. "Huyu si njugu."

Mzee Mabonga hakusogea. Mtamba aliletwa karibu mpaka pumzi yake ikamfikia usoni. Mzee akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo, na Nelima akaanza kuogopa. Halafu kutoka kooni kwa mzee ikatoka sauti ya chini, ndefu, isiyo neno, sauti ya mtu anayemtuliza mnyama gizani. Mtamba akasimamisha masikio. Akapiga hatua, akaweka pua yake yenye unyevu kwenye kiganja cha kushoto cha mzee.

"Kamba," Mabonga akasema.

Lilikuwa neno la kwanza ambalo ukumbi ule ulisikia kutoka kwake. Cherono akatoa kamba, lakini mzee alitikisa kichwa. Alikuwa anageuza shingo, anamtafuta mtu nyuma yake.

"Nanzala. Shika kamba."

Nanzala akaja mbele, akashika. Nelima akamsogezea mzee karai, akampa brashi katika mkono wa kushoto. Mkono huo haukuwa wa kazi maisha yake yote, lakini ulijua. Ulichovya, ukasugua sabuni, ukaanza begani mwa mtamba ukishuka kwa kufuata manyoya. Povu likanuka sabuni na ngozi na maziwa. Wazee wote walikuwa wamenyamaza, na safari hii kimya kilikuwa kimejaa.

"Meneja," Mabonga akasema bila kuacha kusugua. Maneno yalimtoka moja moja, kila moja kwa jasho lake. "Meneja alikataa. Watoto wa wafanyakazi. Wasije."

Nanzala akainama. "Wasije wapi, Baba?"

"Sho. Alisema... mtu akileta mtoto, kazi imeisha." Brashi ikashuka mguuni, ikapanda tena. "Wewe ulikuwa umeambia darasa."

Kamba ikalegea mkononi mwa Nanzala.

"Nikakuficha. Kwa lori. Chini ya nyasi."

"Nakumbuka nyasi," Nanzala akasema, sauti imepotea. "Nilidhani ni mchezo. Ulinifunika, ukasema nikipiga chafya nimeshindwa."

"Hukupiga," mzee akasema, na upande mzima wa mdomo wake ukainuka. "Halafu nikaogopa. Meneja anazunguka uwanja wote. Nikasema, akae kwa Dachesi. Nyuma. Hataonekana. Asikie muziki, hata kama haoni." Akapumzika. "Lakini ulilia. Nikakosa la kufanya. Nikaosha ng'ombe."

Mtamba alipeperusha mkia, akawamwagia povu wote wawili. Hakuna aliyejifuta.

"Mbona hukuniambia, Baba? Miaka yote hii?"

Mzee alilifikiria swali hilo kwa uaminifu.

"Ulikuwa mtoto," akasema. Kisha, baada ya muda, "Halafu ukakua."

Nanzala alikaa chini, pale pale kwenye saruji iliyolowa, na sketi yake ya ofisi, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake. Alilia kama wanavyolia watu wakubwa wasiozoea, kwa mabega tu. Mabonga akaweka brashi chini, akamwekea mkono wenye sabuni kichwani. Cherono akajifanya anatazama kwato. Na Mama Asha, aliyekuwa amefuata yote kwa masikio, akamwambia Nelima kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mama Sifuna, tia chai. Watu wakilia namna hii koo hukauka."

Nelima akaenda kutia chai. Aliweka tangawizi nyingi kuliko kawaida, kwa sababu alitaka kisingizio cha macho yake kutoka machozi.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba tangu siku ile Mzee Mabonga alizungumza, lakini haikuwa hivyo. Alhamisi nyingine hakusema neno. Alhamisi nyingine alimwita Nanzala kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mtamba alirudi mara moja kila mwezi, na wakati mwingine mzee alimwosha, wakati mwingine alikaa tu na kumsikiliza akicheua. Mama Asha alilalamika kwamba kama Mabonga ameletewa ng'ombe, yeye ana haki ya ngamia, na Nelima akamwahidi kuulizia. Kilichobadilika ni jambo dogo zaidi. Nanzala alianza kukaa. Alifika na baba yake asubuhi, na badala ya kutazama saa, alivuta kiti, akanywa kikombe kimoja kwanza. Alipofunga vifungo vya koti, alivifunga polepole, na mara nyingi wakiwa wanacheka jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Mwezi wa tatu ulipofika Sho ilikuja. Mzee hakuwa na nguvu za kwenda. Kifua kilimsumbua, na daktari alikataa. Nanzala alisema basi hata yeye haendi. Ni Nelima aliyemwambia, akimenya viazi bila kumtazama, kwamba ana miaka hamsini na saba na hakuna meneja tena.

Alikwenda Jumamosi, peke yake. Jumapili jioni alimwita Nelima nyumbani kwake, wakaketi kitandani pande mbili za mzee, na Nanzala akasimulia kuanzia langoni. Alisimulia fahali mwenye shingo kama mtungi, na matrekta yaliyong'aa kama sufuria mpya. Alisimulia alivyopanda bembea kubwa kati ya watoto wa darasa la tatu, akapiga kelele kuliko wote, na alivyokula kila kitu alichokutana nacho mpaka tumbo likamuuma. Alisimulia kwa mikono, kwa macho, kama mtoto wa miaka saba aliyefika nyumbani amechelewa na hajali. Mzee alimsikiliza, macho yamefumba, na Nelima hakuweza kujua kama yuko macho.

Nanzala akavua kitambaa alichojifunga kichwani uwanjani, ambacho hakuwa amekifua. Akakiweka karibu na uso wa baba yake.

"Nusa, Baba. Nimekuletea."

Mabonga akavuta pumzi, ndefu, kwa ile pua yake. Wakangoja. Nelima alitaja kimoyomoyo vyote alivyovisikia kutoka upande wake wa kitanda: moshi wa makaa, mafuta ya chipsi, sukari, jasho, nyasi.

"Vumbi," mzee akasema. Akavuta tena, akatafakari kama mtu mwenye mashamba ya kupanda. "Mvua imechelewa mwaka huu."

"Imechelewa, Baba," Nanzala akasema, akamvutia blanketi hadi kifuani. "Lakini wanasema itakuja."